Safu ya Usingizi

Wanangu wa wodini, siku mliponiaga mlinivika kitenge, mkanilisha pilau, halafu mkasema mnataka niwaandikie mambo ya kazi. Nimekaa wiki tatu hapa Kihesa natafuta pa kuanzia. Vyeo sitaviandika, kwa sababu vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Mshahara ndiyo kabisa. Nitaandika juu ya usingizi wa mgonjwa. Najua mtacheka, maana mnanikumbuka nikiwafokea kwa kuburuza viti. Chekeni tu, ila msome mpaka mwisho.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, hapa hapa Iringa, msichana mwenye viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilivunja themometa mbili kabla ya saa nne. Ya kwanza iliteleza mkononi. Ya pili niliitumbukiza kwenye maji ya moto ili iwe safi, ikapasuka pwaa. Dresa mkuu, yaani mkuu wa wafunga vidonda, alikuwa Bwana Salumu, mtu wa mjini, baba yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo akaoa akabaki. Alikusanya vile vigae kwenye karatasi, akaniangalia, akasema, "Binti, hiki ni kifaa cha kupimia joto. Hakihitaji kuoga." Nikajua nimefukuzwa. Kumbe nimeajiriwa.

Bwana Salumu ndiye aliyenifundisha kulaza mtu. Msidhani ni jambo dogo. Wagonjwa wetu wa vifua wengi walitoka upande wa Idodi, wamepigwa na nyati, na mtu aliyeshonwa kifua akilala chali anaona kama amekaliwa na mtu mwingine. Basi weka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa. Weka mto mdogo chini ya mkono wa upande wa kidonda, ili mkono usivute mshono. Mpe mto mwingine wa kukumbatia akitaka kukohoa. Muoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe mpaka katikati ya vidole. Dawa ya maumivu impate kabla maumivu hayajaamka. Magurudumu ya toroli yapakwe mafuta, na kama stoo hawana mafuta, jikoni wanayo. Alipenda kusema, "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Nusu ya kwanza niliielewa. Nusu ya pili ilinishinda, maana kila nilipomwamsha mgonjwa, mimi ndiye sikulala.

Na kulikuwa na neno lake jingine, alilirudia kila akishika chati: "Andika ulichokiona, usiandike ulichoambiwa." Niliitikia "ndiyo bwana" mara mia. Kuitikia ni rahisi.

Mwaka wa tatu nikahamishiwa Mbeya. Nilipanda lori pamoja na magunia ya chumvi. Pale Chimala dereva alishuka kununua mchele, akabishana na yule mama mpaka abiria wote tukawa tunajua habari za ukoo wake. Kisha tukapanda kuelekea kwenye baridi. Iringa kuna baridi, lakini ile ya Mbeya ilinipokea kwa dharau. Hospitali niliyopangiwa siitaji jina, maana kosa nitakalowaeleza lilikuwa langu mwenyewe, halikuwa lao.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na sita, wagonjwa wengi wakiwa Wanyakyusa kutoka milimani, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu. Mimi Mhehe. Nikasema moyoni, lugha hii nitaijua. Nami nilikuwa na pa kuanzia. Kihehe na Kinyakyusa si lugha moja, mtu asiwadanganye, lakini yapo maneno yanayokutana njiani. Kugona kwetu ni kulala, na kwao ni kulala. Basi nilipowasikia asubuhi wanaambiana "Ugonile", nilifurahi mno. Nikaelewa wanaulizana, umelala?

Wakati huo huo daktari wa upasuaji, Mwingereza mrefu asiyependa maneno, alichora safu mpya kwenye chati. Pembeni ya joto, mapigo ya moyo na pumzi, akaweka safu ya usingizi. Alisema mgonjwa aliyepasuliwa halali tu kwa kupenda, analala ili apone, kwa hiyo kila asubuhi tuandike: vizuri, kidogo, au hakulala. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa eti najua lugha.

Nikawa napita kitanda kwa kitanda. "Ugonile?" Mgonjwa anaitikia kwa adabu, "Ee," anatabasamu, ananishukuru, "Ndaga." Naandika: vizuri. Cha pili, vizuri. Cha tatu, vizuri. Wodi nzima ililala vizuri, hata bibi mmoja aliyevunjika nyonga ambaye jirani zake walilalamika kwamba anapiga kelele. Nikaona jirani ndio wenye matatizo. Daktari aliangalia safu yangu, akasema, "Nzuri sana, sista." Loo, nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Ndipo akaletwa Sekela.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mama wa mtoto mmoja, mumewe yuko mbali kwenye machimbo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wenzake. Miguu imevimba, mishipa ya shingo imesimama, anapumua juu juu. Daktari alieleza kwamba moyo una mfuko wake, na huo wa Sekela umejaa usaha. Mfuko ukijaa, moyo hauna nafasi ya kupiga. Alileta habari hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akasema atafungua kifua autoe. Siku hizo kwetu kupasua karibu na moyo lilikuwa jambo la kusimuliwa njiani. Wapishi waliacha sufuria, wakaja kusimama nje ya chumba cha upasuaji. Usaha ulitoka wa kujaza kopo la maziwa. Sekela akatoka hai, na wapishi wakarudi kwenye maharage yaliyoungua.

Aliyemleta hospitali alikuwa mzee mmoja mpole, Mzee Ambakisye, mwenye koti la jeshi na kikohozi kikavu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Nesi, mtoto wangu mmemlaza upande gani?" Nikamwambia, upande wa mlimani, baba. Akashukuru sana, akachukua blanketi lake, akaenda kukaa kwenye veranda ya upande wa barabara. Nikatikisa kichwa. Nimemwelekeza huku, yeye anakwenda kule! Uzee nao ni ugonjwa, nikasema.

Baada ya upasuaji nilitaka Sekela apate hewa. Nikamhamishia upande wa barabara, chini ya dirisha, na nje ya dirisha hilo hilo ndipo lilipokuwa benchi la yule mzee. Nikajisifu kwa hisani yangu, maana sasa baba na mwana walikuwa wametenganishwa na ukuta tu. Kila asubuhi nilifungua dirisha nikapaza sauti juu ya kitanda, "Mzee Ambakisye! Mwanao amelala vizuri!" Naye kutoka benchini, bila kugeuka, anajibu, "Mungu akubariki, mwanangu." Sekela akawa anajifunika shuka gubigubi. Nikaona anasikia baridi, nikamwongezea blanketi. Kesho yake tena anajifunika, nikaongeza la pili. Alifikisha matatu.

Sasa shida ikaanza. Kidonda kilikuwa kikavu, homa ndogo tu, lakini mapigo ya moyo hayakushuka. Mia na thelathini, asubuhi na jioni. Uso ukawa wa majivu, mikono inatetemeka akishika kikombe. Nesi wa zamu ya usiku alikuwa mmoja kwa wodi tatu. Alikuwa akipita na taa anamwona ameketi kwenye mito, kajifunika, kimya, anaandika hali ni shwari. Mgonjwa wa kifua huketishwa, kwa hiyo hakuona ajabu.

Siku ya saba, Jumanne, daktari alisimama mbele ya kitanda akiwa na chati. Mashine ya eksirei ilikuwa mbovu, inangoja kipuri. Akawa anawaza kwa sauti, kidole chake kikipita kwenye safu yangu. "Analala vizuri. Anakula kidogo. Hana homa kubwa. Lakini moyo unakimbia. Kama angekuwa halali, ningesema ni uchovu. Lakini analala." Akafunga chati. "Basi usaha umerudi. Kesho saa nane nafungua tena."

Mtu wetu wa kutoa dawa ya nusukaputi alinisogelea baadaye kwenye ujia. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakutania. "Dada, yule mwili hauna nguvu ya kulala mezani mara ya pili. Tukimwingiza, tutamtoa amefunikwa." Nilikwenda kukunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa.

Jumatano asubuhi alirudi Mama Kisa, mfanyakazi wetu wa usafi. Alikuwa mama wa Kinyakyusa mwenye mdomo mkali na moyo wa kulea, na wiki hiyo yote alikuwa kwao kwenye msiba. Alikuwa anapiga deki, mimi napita na chati. Kitanda cha kwanza: "Ugonile?" Vizuri. Cha pili: "Ugonile?" Vizuri. Mama Kisa akaegemea ufagio.

"We Mhehe, unaandika nini hapo kila ukisalimia?"

"Naandika walivyolala."

"Umewauliza saa ngapi?"

"Si umesikia? Nimewauliza, ugonile, umelala?"

Mama Kisa alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Mwe! Jamani njooni mumsikie! Hiyo ni salamu, mama. Mtu akikuambia habari za asubuhi, wewe unamjibu mbaya? Hata maiti ukimsalimia hivyo, kama ana adabu ataitikia ee!"

Yeye alikuwa anacheka. Mimi nikafungua chati upya. Niliangalia ile safu, ukurasa kwa ukurasa, vizuri, vizuri, vizuri, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilikuwa nimeandika adabu ya watu nikaiita usingizi. Nikatupa kalamu, nikaenda mbio mpaka kwa Sekela, nikapiga magoti.

"Sekela, leo sikusalimii. Nakuuliza kama polisi. Usiku ulilala?"

Akanitazama kwa yale macho mekundu. "Hapana, nesi."

"Na juzi?"

"Hapana. Tangu mliponileta kitanda hiki, nasinzia nikashtuka, nasinzia nikashtuka. Mchana hivyo, usiku hivyo."

"Mungu wangu! Mbona husemi?"

"Uliniuliza lini, nesi? Wewe ulikuwa unanisalimia."

Hakusema kwa kunisuta, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikamuuliza, kuna maumivu? Hapana. Baridi? Akatazama yale mablanketi matatu, akatikisa kichwa. Nini basi? Akanyoosha kidevu kidogo tu kuelekea dirishani, kisha akavuta shuka mpaka kichwani. Nje mzee akakohoa, na shuka likatetemeka.

Mama Kisa alichungulia nje. Aliporudi hakuwa na kicheko tena. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyo ni mkweo?" Chini ya shuka kichwa kikaitikia.

Akanivuta pembeni kwa mkono. Hapo ndipo nilipofundishwa, kwenye ujia, kati ya ndoo mbili. Kwa Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake, naye mkwe hamtazami. Hawapiti njia moja. Jina la mkwe halitaji. Akimsikia yuko karibu, anajifunika na kujiweka pembeni. Kulala chali kifua wazi, mkwe yuko hatua mbili? "Bora afe," alisema Mama Kisa. "Na wewe kila asubuhi unalitangaza jina lake juu ya kichwa cha mtoto wa watu!"

Hata sisi Wahehe tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini sikuwahi kuona heshima ya namna ile. Nikaelewa na yule mzee. Aliuliza upande aliolazwa ili aende upande mwingine. Alikuwa anamlinda kwa mbali, kama mila inavyotaka, na mimi ndiye niliyembeba mke wa mwanawe nikamweka mgongoni kwake. Nikarudi kumuuliza Sekela kwa nini hakuomba mzee aondolewe. Alijibu kutoka ndani ya shuka, "Amenileta yeye. Amelala nje kwenye baridi kwa ajili yangu. Nimfukuze kwa mdomo gani?"

Mama Kisa alikwenda kumweleza mzee yote, hata habari ya kupasuliwa tena saa nane. Mimi nilitazama kwa mbali, sikuwa na uso. Nilimwona mzee anasimama ghafla, anajifunika uso kwa viganja. Kisha akakusanya blanketi na fimbo, akaondoka karibu anakimbia, si kwa kupita mbele ya dirisha bali kwa kuzunguka jiko, akakanyaga bustani ya matroni yenye mbegu mpya, hakuangalia nyuma mpaka getini.

Mimi nikaenda kwa daktari. Wanangu, nimewahi kuingia vyumba vya watu wakubwa, lakini mlango ule ndio mzito kuliko yote. Nilimweleza yote bila kupamba. Akavua miwani.

"Siku ngapi?"

"Zote, daktari. Tangu ulipochora hiyo safu."

"Wodi nzima?"

"Wodi nzima."

Akaifuta kwa pindo la koti. Nilitaka anitukane, ingenisaidia. Akasema tu, "Sasa ni saa tatu. Vifaa vinachemshwa. Mapigo yakishuka kabla ya saa nane, naacha. Yasiposhuka, napasua." Akavaa miwani, akarudi kwenye kazi yake.

Nilirudi wodini mbio, halafu nikakumbuka kutembea. Nilimvua Sekela mablanketi mawili. Nikaangalia matofali, nikaweka mto chini ya mkono wa kushoto, na mwingine wa kukumbatia. Mama Kisa alileta beseni la maji ya uvuguvugu. Akaninong'oneza kwa Kinyakyusa maneno ya kumwambia, nami safari hii nikamwomba aseme mwenyewe. Akamwambia, ameondoka, yuko getini kabisa, hata akipiga mbiu hutamsikia. Sekela aliteremsha shuka hadi kifuani. Nikaosha mguu wa kulia, nikaukausha. Nilipouinua wa kushoto ulikuwa mzito. Nikatazama juu. Alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi.

Saa zile tano sitazisahau. Mama Kisa alisimama mlangoni na ufagio, akawa anamzuia kila mtu, hata mhubiri aliyekuja kuwaombea wagonjwa, akamwambia Mungu anasikia hata kutoka barabarani. Bibi wa nyonga, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekubali mbele yangu kwamba halali kabisa, aliuma kona ya shuka asipige kelele. Mimi nilikaa kwenye kiti, vidole vyangu kwenye mkono wa Sekela, nahesabu. Saa nne, mia na ishirini na nne. Saa tano, mia na kumi na nane. Saa sita yakasimama pale pale, nikamwomba Mungu kwa Kihehe, maana lugha nyingine zote zilikuwa zimenitoka. Saa saba, mia na nne.

Saa nane kasoro robo daktari aliingia. Alikuwa amevua viatu, nawaambieni kweli, yule Mwingereza alipita sakafu ya baridi kwa soksi. Aliinama, akashika mkono wa Sekela, akatazama saa yake dakika nzima. Kisha akatazama dakika nyingine. Tisini na sita. Akasikiliza kifua kwa kipimo chake, taratibu, Sekela akakoroma kidogo hakuamka.

"Waambie warudishe vifaa," alininong'oneza. Alipofika mlangoni akageuka. "Na hiyo safu, sista, kuanzia leo uijaze kwa macho."

Niliingia stoo ya mablanketi nikalia. Nililia kwa furaha, kwa aibu, kwa njaa pia, maana sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Mama Kisa alinifuata, akanifuta pua kwa aproni yake iliyokuwa na sabuni, akasema nisimwage machozi kwenye mali ya serikali.

Ndiyo kisa cha mimi kuwafokea. Ndiyo maana niliwakataza kumuuliza mgonjwa kama amelala kabla hamjakaa naye robo saa, na ndiyo maana nilitaka mjue nani ni nani kwa mgonjwa kabla ya kumpa mtu benchi. Sekela alikwenda kwao baada ya wiki kadhaa, akiwa anapanda gari kwa miguu yake. Lakini siku ile haikuishia stoo.

Nilikumbuka kwamba getini kuna mtu ambaye hajaambiwa. Nikatoka mbio na aproni yangu. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa kwenye majani, nje kidogo ya geti, mgongo wima, macho ardhini. Yeye naye hakuwa amepata usingizi tangu siku ya upasuaji, mlinzi aliniambia hivyo baadaye. Kila akisikia mlango unafunguliwa, alidhani wanaleta habari ya msiba.

"Baba," nikasema. "Hawapasui. Mapigo yameshuka. Amelala tangu saa tatu."

"Amelala," akasema.

"Amelala, baba. Safari hii nimeona kwa macho yangu."

Alifungua mdomo kunishukuru. Akajinyoosha pale pale kwenye majani, akaweka kofia usoni, na kabla sijajua la kufanya akawa anakoroma. Mlinzi akaanza kupiga kelele kwamba hapa si mahali pa kulala, gari la daktari linataka kupita. Nikamwekea kidole mdomoni. Gari likaja, daktari akamtazama mzee, akanitazama mimi, akazima injini, akashuka akaenda nyumbani kwa miguu.

Nikarudi wodini kuchukua lile blanketi la tatu nililomvua Sekela, nije nimfunike mzee.